Shemasi Hana la Kulalamika

Ukurasa wa saba ndio uliotaka kunitia wazimu. Kila nikituma kwa faksi karatasi zetu za kuomba tupunguziwe malipo, wale wanaotudai mkopo wa nyumba wanapokea zote isipokuwa huo. Nikituma tena, wananiambia umefika lakini hausomeki. Nikituma mara ya tatu, umefika na unasomeka vizuri, asante sana mama, ila hati za mshahara ulizotuma mwanzo zimepita siku sitini, kwa hiyo tunaomba utume kifurushi chote upya. Kifurushi chote ni kurasa thelathini na nne. Duka la dawa lilikuwa linanitoza dola moja kwa kila ukurasa, na ilifika mahali yule binti wa kaunta akiniona tu mlangoni anawasha mashine bila kuniuliza ninataka nini.

Miezi kumi na minne, jamani. Nilikuwa na daftari la majina ya watu niliozungumza nao: Brandon, Tricia, Brandon mwingine, mmoja aliyekataa kutaja jina, Kevin, kisha Tricia tena, akiapa kwamba si yule wa kwanza. Wote walisema watanipigia. Hakuna aliyepiga. Mimi ndiye niliyekuwa napiga, nikiwa jikoni shuleni wakati wa mapumziko, simu nimeibana kwa bega huku nakatakata karoti za watoto mia nne, na sikioni muziki ule wa kusubiri unalia na kulia. Hadi leo nikiusikia popote, naondoka hapo.

Jina langu ni Earnestine Haygood. Nimepika katika shule ya msingi hapa Maple Heights, nje kidogo ya Cleveland, kwa miaka ishirini na miwili. Mume wangu Cleophus alitengeneza milango ya magari kiwandani kwa miaka ishirini na tisa, mpaka kiwanda kikafungwa. Kikaondoka na mshahara, bima ya afya na nusu ya mtaa wetu. Baada ya hapo alipata kazi ya kupiga deki hospitalini, siku tatu kwa wiki, bila bima. Kanisani kwetu yeye ni shemasi mkuu. Akipita kwenye ujia na suti yake ya kahawia, watoto wananyamaza wenyewe.

Nyumba tuliinunua mwaka 1984. Ni ya matofali, vyumba vitatu, na tungekuwa tumeshamaliza kuilipia zamani kama si yule bwana wa mkopo aliyekuja mwaka 2005, akakaa kwenye kochi langu, akala pai yangu ya pichi vipande viwili, na kutushawishi tukope upya ili tutengeneze paa na mtambo wa kupasha joto. Paa likatengenezwa, sikatai. Lakini baada ya miaka miwili riba iliruka, na malipo ya mwezi yakafika dola elfu moja mia tatu na arobaini. Halafu kiwanda kikafungwa.

Nilipopiga simu mara ya kwanza kuomba watupunguzie, nikaulizwa kama tumechelewa kulipa. Nikasema kwa kujivuna kabisa kwamba hatujawahi kuchelewa hata siku moja. "Basi hatuwezi kuwasaidia, mama," akasema Brandon. "Msaada ni kwa waliokwama. Mkikaa miezi mitatu bila kulipa, pigeni tena." Na sisi, watu wazima na akili zetu, tukamsikiliza. Tukaacha kulipa. Kila mwezi tukawa tunaweka pesa kando, mimi fungu langu na Cleophus lake, ili siku wakikubali wasiseme hatuna kitu. Miezi mitatu ilipoisha nikapiga, na huyo aliyepokea akaniuliza kwa mshangao, "Lakini mama, kwa nini mliacha kulipa?"

Loo! Siku hiyo nilivunja sahani kwa makusudi.

Katika karatasi zile kulikuwa na moja waliyoiita barua ya shida. Unatakiwa ueleze kwa mkono wako umepatwa na nini, lini, na kwa nini huwezi kulipa. Cleophus hakutaka hata kuisikia.

"Niwaandikie watu nisiowajua mambo ya ndani ya nyumba yangu?"

"Wanataka kujua, Cleo."

"Wanajua. Wana hesabu zote. Wakitaka kunisikia nalia, hawatanisikia."

Basi nikaiandika mimi, mara sita, kila kifurushi na barua yake. Yeye alikuwa anaweka sahihi akiangalia dirishani. Niliandika kiwanda, niliandika mshahara wangu unaosimama shule zikifungwa, niliandika mtambo wa joto. Niliandika nilichokijua.

Mwezi wa kumi na mbili ikaja barua yao, karatasi moja tu: ombi letu limefungwa kwa sababu shida iliyotukuta imekwisha. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye theluji mbele ya sanduku la barua, nikaisoma tena, nikaigeuza nyuma nione kama kuna kitu kingine. Imekwisha! Nani aliimaliza? Nilipiga simu wiki mbili mfululizo bila kupata mtu wa kunieleza. Kisha, mwishoni mwa Januari, askari wa sherifu akagonga, akaacha notisi mlangoni. Nyumba ingepigwa mnada mahakamani Jumatatu, tarehe ishirini na nane Februari, saa tatu asubuhi.

Ndipo nikasikia habari za Maribel Otero. Ni mwanamke wa Kipuertoriko, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, anayefanya kazi katika ofisi ya kusaidia wenye nyumba walioshindwa mikopo. Hawachukui hata senti. Nilipata nafasi ya kumwona Jumatano, siku tano kabla ya mnada, nikamwambia Cleophus kwamba safari hii lazima tuende wote.

"Nina kikao cha mashemasi," akasema.

"Utakuwa na kikao cha kuhama kama huji."

Akaja, na suti yake ya kahawia na kofia. Akamsalimia Maribel kwa kuinamisha kichwa. Maribel akauliza, "Hamjambo? Hali zenu?" na Cleophus akajibu, "Nimebarikiwa, dada. Sina la kulalamika." Hata sikumsikia, kwa sababu hivyo ndivyo anavyojibu siku zote, na mimi pia, na kanisa letu zima. Dada Lottie Mae alikatwa mguu mwezi wa tisa, tukaenda kumwona wodini, na jibu lake lilikuwa hilo hilo. Aliyekulia kwetu haanzi kumwaga matatizo kwa sababu tu kaulizwa hali. Bibi yangu angekufinya.

Maribel akapiga simu, akaiweka kwenye spika, tukasubiri. Saa moja na dakika hamsini tulisikiliza muziki ule. Maribel alikula chakula chake cha mchana, wali na maharagwe kwenye bakuli, akatugawia. Cleophus alikataa kwa adabu. Nilidhani ni kiburi chake tu.

Hatimaye akapokea binti aliyesema anaitwa Kaylin. Kwa sauti yake nilimpa miaka ishirini na mitatu. Maribel akajitambulisha, akasoma namba ya mkopo, akasema bila kuzungusha, "Mmeandika kwamba shida ya watu hawa imekwisha. Naomba unisomee nani alisema hivyo, na lini."

Tukasikia vidole vinagonga vitufe.

"Ninayo hapa," akasema Kaylin. "Tarehe tisa Novemba. Tulipiga sisi, alipokea Bwana Haygood."

Nikageuka taratibu kumtazama mume wangu. Miezi kumi na minne nawasubiri wapige. Kumbe walipiga!

"Ameulizwa hali yake," Kaylin akasoma. "Amejibu: nimebarikiwa, sina la kulalamika. Ameulizwa kama shida iliyoandikwa kwenye barua bado ipo. Amejibu: Bwana ametutendea mema, tunasonga mbele. Ameulizwa kama kuna jambo lingine angependa kuongeza. Amejibu: Mungu akubariki, mwanangu, uwe na siku njema. Halafu imeandikwa: shida imekwisha, funga."

Maribel alifunika uso kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa anacheka, au analia, sikujali.

"Cleophus," nikasema.

"Aliniuliza hali."

"Cleophus Haygood!"

"Mtoto wa watu kanipigia, kaniuliza kwa heshima hali yangu, nikamjibu kwa heshima. Ulitaka nimwambie nini, Tine? Simjui hata sura."

"Nilitaka umwambie ukweli! Nimetuma faksi mpaka yule binti wa dukani ananijua kwa jina. Nimesubiri simu hiyo moja, moja tu, na imekuja ukamwombea baraka! Hata hukuniambia kwamba wamepiga!"

"Sikujua kwamba ndiyo yenyewe," akasema. "Nilidhani ni watu wa kutathmini huduma."

Nilitaka kumpiga na mkoba wangu. Nilitaka pia kucheka, na zaidi ya yote nilitaka kulala pale pale kwenye zulia la Maribel, nisiamke mpaka Jumanne. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa.

Maribel akashusha mikono. "Shemasi," akasema polepole, kama anavyozungumza mtu na baba yake mzazi, "nakuheshimu. Mama yangu naye yuko hivyo hivyo. Lakini huyu binti anaandika unachosema, neno kwa neno, na kinachoandikwa ndicho kinachokwenda kwa msimamizi wake. Inabidi useme tena. Wewe mwenyewe, maana jina lako ndilo la kwanza kwenye mkopo. Sema mmekwama wapi. Usimwombee baraka yoyote."

Cleophus akaitazama simu. Akavua kofia, akaiweka magotini.

"Sipati mshahara kama wa zamani," akasema.

"Kiasi gani kwa mwezi, bwana?" Kaylin akauliza.

Akataja. Binti akauliza la pili, naye akajibu. Akasema kuhusu kiwanda. Sauti yake ilikuwa ya chini mno, mara mbili Kaylin akamwomba arudie, na kila akirudia niliona shingo yake inazidi kulowa jasho. Mimi nilikuwa bado nimekasirika, nikijisemea moyoni, haya, endelea, hayo yote nimeshayaandika mara sita.

"Kuna gharama nyingine, bwana? Za matibabu, kwa mfano?"

Akaigeuza kofia magotini.

"Shemasi," akasema Maribel.

"Nina sukari," akasema Cleophus. "Nachoma insulini. Bima ilipokwisha, ikawa mia mbili na themanini kwa mwezi."

"Na unalipa mia mbili na themanini kila mwezi?"

"Hapana."

"Unalipa kiasi gani?"

"Nanunua chupa ya mwezi mmoja, naitumia miezi mitatu," akasema. "Nilianza kwa kuruka siku moja moja. Sasa nachoma nikiona kizunguzungu. Pesa inayobaki naiweka kwenye ile akiba ya nyumba."

Mimi nilikuwa nimekaa sentimita thelathini kutoka kwake. Miaka thelathini na minne tumelala kitanda kimoja. Aliniambia kliniki inampa dawa bure, nikaamini, na kila mwisho wa mwezi akinikabidhi fungu lake nilimsifu. Nilimwita mume mwema! Nilimwambia angalau mmoja wetu anajua kubana matumizi. Na alivyokuwa anasinzia kwenye kiti tangu saa kumi na mbili jioni nilisema ni uzee, na alivyopungua nikamwambia suti inamkaa vizuri.

"Kuna jingine?" Kaylin akauliza. Sauti yake nayo ilikuwa imebadilika.

"Mwezi uliopita nilianguka kazini. Walinipeleka ghorofa ya chini, kwenye dharura, wakanitundikia maji, wakanirudisha kazini. Sikumwambia mke wangu." Alikuwa anaiambia kofia yake. "Sasa amesikia."

Mkoba niliokuwa nimeushika nikauweka chini.

Kaylin akatuomba tusubiri, akaenda kwa msimamizi wake. Muziki ukarudi. Maribel aliinuka akasimama dirishani ametugeuzia mgongo, nafikiri ili atuache tuongee. Nilimshika Cleophus mkono ili nimfinye, nikaishia kuushikilia tu. Ulikuwa wa baridi.

Dakika ishirini na tano baadaye binti akarudi, na safari hii alikuwa na furaha hata kabla hajasema lolote.

"Bwana Haygood? Msimamizi amekubali. Hii inahesabika kuwa shida, na karatasi zenu zote ziko hapa, zimekamilika."

"Hata ukurasa wa saba?" nikauliza. Nilikuwa siwezi kujizuia.

"Hata ukurasa wa saba, mama. Mnada wa Jumatatu tunausimamisha leo hii. Mnaingia kwenye majaribio ya miezi mitatu. Mkilipa miezi yote mitatu kwa wakati, tunaubadilisha mkopo moja kwa moja. Malipo yanashuka hadi mia tisa na themanini na tano."

Maribel akapiga kofi moja angani. Hili ndilo nililokuwa nalipigia magoti tangu mwaka juzi. Kuna siku nilikuwa naota mtu akinitajia namba, namba yoyote, mradi iwe chini ya elfu moja.

"Kuanzia tarehe mosi," Kaylin akaendelea. "Ila lazima niulize hili, na niandike jibu lenu. Malipo hayo mtayaweza?"

"Tutayaweza," akasema Cleophus. Hakuchukua hata sekunde moja kufikiri. Na uso wake ulikuwa umefunguka, ameanza kutabasamu lile tabasamu lake la mlangoni mwa kanisa.

Nikapiga hesabu. Sikuhitaji kalamu, miezi kumi na minne nilikuwa nimepiga hesabu hizo hizo kila siku niko kwenye karoti. Toa mia tisa na themanini na tano, toa gesi, toa chakula, toa petroli ya kumfikisha hospitalini kupiga deki. Zinabaki kama hamsini, na ile akiba yote ingemezwa na miezi tuliyoruka. Nilijua hamsini hiyo inatosha kitu gani na haitoshi kitu gani, na nilijua pia ni nani angeifanya itoshe, na kwa njia gani.

"Hatuyawezi," nikasema.

"Samahani?" akasema Kaylin.

"Naitwa Earnestine Haygood, jina la pili kwenye mkopo. Andika: mke amesema hatuyawezi."

"Tine," akasema Cleophus. "Tine, unafanya nini? Hiyo ni nyumba yetu."

"Najua ni ya nani."

"Miaka ishirini na saba! Renita mwanetu alizaliwa mle ndani. Nimewaambia yote, nimejivua nguo mbele ya watu ili tuipate, na sasa wanatupa, wewe—"

"Ndiyo, umewaambia. Na mimi nilikuwepo, nimesikia." Nilikuwa nalia sasa, sikujificha. "Ulidhani nitasikia vile halafu nirudi nikakae kwenye lile kochi?"

Maribel akasogea, akaniuliza kwa upole kama ningependa siku mbili za kufikiri, kwamba pengine kuna kliniki ya bei nafuu, kuna fomu za kuomba dawa kwa watengenezaji, zinachukua kama wiki nane, kumi. Nikamwambia hizo fomu nitazijaza, azitoe zote. Lakini fomu nazijua. Mume wangu hana wiki kumi za kusubiri mtu aniambie ukurasa wa saba hausomeki.

"Mama," akasema Kaylin kwenye simu, taratibu sana, "nikiandika hivyo, mnada unarudi palepale. Jumatatu."

"Naelewa, binti."

"Niandike?"

Nilimtazama Cleophus. Nilimwachia nafasi, maana jina la kwanza ni lake, na kama angesema tena tutayaweza sijui ningefanya nini. Alifungua mdomo. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na sijui ni kwa nini sikuwa nimeliona hilo kabla. Akaufunga. Akaangalia sakafu, akatikisa kichwa kidogo, si kwa kukataa wala kukubali, ni kama mtu anayejaribu kuamka.

"Andika," nikasema.

Tukasikia vidole vinagonga. Alituambia anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Maribel akakata simu, akatoka nje akasema anakwenda kutafuta zile fomu, ingawa kabati lilikuwa pale pale nyuma ya kiti chake.

Tulikaa. Sikujua tutahamia wapi, wala nitamwambiaje Renita. Cleophus alikuwa anaizungusha kofia mikononi, anaizungusha tu. Nilisubiri anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa, na nilistahili, na ningemjibu.

"Tine," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia. "Mguu unaniuma. Huu wa kushoto. Una kidonda, hakifungi, tangu kabla ya Krismasi. Unaniuma sana."

Nikapiga magoti kwenye zulia nikaanza kumfungua kamba za kiatu.